Je, wajua kwa nini pipeti iliyogezwa Mombasa hupunja kidogo ikifika Nairobi?

Pipeti ni kifaa cha maabara cha kuvuta na kutoa kiasi kidogo cha kimiminika, na kuigeza ni kuipima na kuirekebisha ili itoe ujazo sahihi. Chukua pipeti ya mikrolita 1,000 (mililita 1) iliyogezwa vizuri katika maabara ya Mombasa, usawa wa bahari. Ipandishe Nairobi, mita 1,700 hivi juu, bila kuifungua wala kugusa chochote ndani yake. Maji itakayoyatoa huko yatakuwa pungufu kidogo, ingawa haijaanguka, mpira wake wa kuzuia hewa isivuje haujachakaa, na namba kwenye kidirisha ni ile ile.

Wengi hudhani ni baridi ya Nairobi iliyosinyaza maji au pistoni. Joto lina mchango wake, lakini sababu kubwa iko kwingine, na inagusa dhana iliyozoeleka mno maabara: kwamba pipeti hupima kimiminika. Pipeti ya kawaida hupima hewa. Pistoni yake haiigusi sampuli kabisa. Kati ya pistoni na kimiminika kuna hewa iliyofungiwa ndani ya shina na ncha ya plastiki. Ukiachia kitufe, pistoni hupanda, hewa ile hutanuka, shinikizo lake hushuka, na shinikizo la hewa ya nje husukuma kimiminika kiingie kwenye ncha. Kwa hiyo namba unayoiweka huamua mwendo wa pistoni tu. Kimiminika huufuata mwendo huo, lakini hakiufuati sawasawa.

Mpango wa kuweka hewa katikati ulikuwa ukombozi. Kabla Heinrich Schnitger hajabuni pipeti ya pistoni huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1957, watu walivuta vimiminika kwa mdomo, damu na sumu zikiwemo. Hewa ndiyo inayokilinda chombo kisichafuke, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta tofauti ya Mombasa na Nairobi.

Fikiria unavuta ndoo ya maji kisimani. Ukitumia kamba, mkono ukipanda mita 1, ndoo nayo hupanda mita 1. Sasa tumia mpira, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Mkono unapanda, mpira unavutika kwanza, na ndoo inapanda pungufu ya mita. Hewa ndani ya pipeti ndiyo mpira huo, na maji yanayoning'inia kwenye ncha ndiyo ndoo. Mtengenezaji analijua hilo, kwa hiyo amepanga mkono upande zaidi ya mita 1 kidogo ili ndoo ifike panapotakiwa. Fidia hiyo imepangwa kwa mpira wenye ukakamavu fulani na ndoo yenye uzito fulani. Nairobi shinikizo la hewa ni dogo, hivyo mpira umelegea: mkono unapanda vile vile, ndoo ni ile ile, ila mvutiko umeongezeka. Kimiminika kizito kuliko maji, kama asidi ya salfa kali, ni ndoo nzito zaidi, nacho huingia pungufu hata ukiwa Mombasa.

Tukadirie kwa tarakimu. Safu ya maji yenye kimo cha sentimita 5 ndani ya ncha huvuta kwa paskali 490 hivi. Tuseme hewa iliyofungiwa ni mililita 2. Shinikizo la nje usawa wa bahari ni paskali 101,300, hivyo hewa hiyo hutanuka kwa mikrolita 10 hivi. Nairobi, ambako shinikizo ni kama paskali 83,000, hutanuka kwa karibu mikrolita 12. Tofauti ni mikrolita 2. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 huruhusu pipeti ya mikrolita 1,000 ikosee kwa wastani hadi mikrolita 8, kwa hiyo safari peke yake imekula robo ya nafasi hiyo. Hesabu hii ni ya mfano tu. Hewa iliyofungiwa hutofautiana kwa muundo wa pipeti na aina ya ncha, na ndiyo maana kubadili ncha kunaweza kuyumbisha kipimo. Tena kosa la namna hii halina madhara sawa kila mahali. Ukilinganisha sampuli na kidhibiti (sampuli ya kulinganishia) zilizopimwa kwa pipeti moja, upungufu unajifuta wenyewe. Ukichanganya kipimo cha pipeti na cha chupa ya ujazo (chupa yenye alama ya ujazo kamili), upungufu unabaki.

Ugezi wenyewe hufanywa kwa mizani: unatoa maji safi mara 10, unapima uzito kila mara, kisha unaangalia wastani na mtawanyiko. Hapa ndipo pipeti nzima huharibiwa na watu wenye nia njema. Tumefundishwa kwamba mililita 1 ya maji ni gramu 1. Katika chumba chenye nyuzi 25 za Selsiasi, usawa wa bahari, mililita 1 kamili huonyesha gramu 0.9960 kwenye mizani, kwa sababu maji yametanuka kwa joto na hewa inayabeba kidogo. Ukikaza skrubu ya kurekebisha pipeti mpaka mizani isome 1.0000, umeongeza mikrolita 4 za kosa kwenye chombo kilichokuwa sahihi. Dawa yake ni jedwali la kugeuza uzito kuwa ujazo, linalosomwa kwa joto na shinikizo la mahali ulipo.

Skrubu hiyo pia haitengenezi uchakavu. Pipeti inayovuja kwa sababu ya mpira uliokauka au pistoni iliyoshika chumvi inaweza kulazimishwa ipate wastani mzuri leo, na wiki ijayo ikatoa kingine. Jaza ncha, ishikilie wima kwa sekunde 20: tone likijitokeza, isafishe na ubadilishe mpira kwanza. Lakini kimiminika kikiwa ethanoli au asetoni, tone si ushahidi wa uvujaji. Mvuke wake huongezeka ndani ya hewa iliyofungiwa na kukisukuma nje, hivyo ncha huloweshwa kwa kuvuta na kutoa mara kadhaa kabla ya kupima.

Kuna upimaji mmoja unaorukwa mno, nao ni ule wa kabla ya kusafisha. Pipeti ikifika kwa fundi, ipimwe kwanza katika hali iliyofika nayo na matokeo yaandikwe, kwa kuwa ndiyo pekee yanayoonyesha kama majibu yaliyokwisha kutolewa na maabara yalikuwa sahihi. Na cheti cha ugezi kikirudi, soma joto na shinikizo la hewa lililoandikwa. Kama kinaonyesha kilopaskali 101, yaani shinikizo la usawa wa bahari, na wewe uko Nairobi, pipeti hiyo ipimwe tena kwa mizani ya maabara yako, kwa ncha zile zile unazotumia kila siku.