Kwa nini ganda la G3 huchoma kuliko la Mark 4

Ganda la risasi linaporuka kutoka kwenye G3, bunduki ya kijeshi ya Kijerumani inayojikoki yenyewe, huchoma ngozi. Ganda la Mark 4, ile bunduki ya .303 ya zamani ya kukoki kwa mkono waliyoijua sana askari wa akiba wa Kenya, mara nyingi unalipokea kiganjani bila taabu. Ninapowauliza wanafunzi wangu wa shabaha sababu, hujibu upesi kwamba baruti ya G3 ni kali zaidi. Ukipiga hesabu, jibu hilo halisimami.

Kichwa cha risasi ya .303 kina uzito wa gramu 11 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 744 kwa sekunde. Cha G3 ni chepesi, gramu 9.5, lakini hukimbia karibu mita 800 kwa sekunde. Nishati ya kila kimoja ni julu (kipimo cha nishati) 3,000 na ushei. Ni bunduki mbili zinazofanya kazi karibu sawa, na kiasi cha baruti zinachochoma hakipishani sana, ilhali maganda yanapishana joto waziwazi. Kinachoamua ni muda: ganda linakaa muda gani chembani, yaani nyuma ya mtutu inapokaa risasi, baada ya risasi kufyatuka, na linagusana na nini likiwa humo.

Baruti ya risasi moja ya G3, gramu 3 hivi, hubeba nishati inayozidi julu 10,000. Karibu theluthi yake huishia kwenye kichwa cha risasi. Iliyobaki hutoka na gesi mdomoni mwa mtutu au huingia kwenye chuma cha mtutu, na sehemu ndogo tu hulifikia ganda. Sehemu hiyo ndogo inatosha. Ganda la shaba ya njano lina gramu 12 hivi, na kila gramu inahitaji julu 0.38 tu ili ipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa julu 450 au zaidi kidogo, ganda zima limepanda nyuzi 100. Ngozi ya binadamu huungua ndani ya sekunde chache kwenye nyuzi 60.

Joto hilo huingia katika milisekunde chache, wakati gesi ina shinikizo kubwa na joto linalozidi nyuzi 2,000. Kichwa cha risasi kikishatoka, gesi inayobaki mtutuni ni haba mno kuongeza chochote cha maana. Kuanzia hapo ganda halipati joto jipya. Linatafuta pa kulitua lile lililo nalo.

Shinikizo lilikuwa limelivimbisha likabanana na kuta za chemba. Kubanana huko ndiko kunakozuia gesi isirudi usoni mwa mpigaji. Kuta hizo ni chuma kinene, tena baridi, kwa hiyo joto huanza kuhamia humo mara moja. Shinikizo likishuka, ganda husinyaa na kuachana na ukuta kidogo sana, lakini joto huendelea kuvuka. Mwenye Mark 4 hufyatua, hutulia, ndipo anapovuta bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, kwa mkono. Sekunde moja au mbili ni muda mrefu kwa kipande chembamba cha shaba. Anapolitoa, limekaribia joto la chemba yenyewe. Mwambie avute bolti papo hapo kwa kasi yake yote, na ganda la risasi ile ile litatoka moto zaidi.

AK hujikoki yenyewe, ila ina subira kidogo. Gesi huchotwa mtutuni kupitia tundu na kusukuma pistoni, na kuna mwendo mfupi wa bure kabla bolti haijafunguka, kwa hiyo shinikizo huwa limeshuka. Ganda linatoka na sehemu kubwa ya joto lake. Lakini risasi yenyewe ni ndogo, julu 2,000 hivi.

G3 ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Haina tundu la gesi wala pistoni. Ganda lenyewe ndilo pistoni: shinikizo la ndani hulisukuma nyuma dhidi ya bolti, huku rola mbili zilizo ubavuni mwa bolti zikiuchelewesha mwendo huo. Wazo hilo lilitoka kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, likapitia Hispania kwenye bunduki ya CETME, na mwaka 1959 jeshi la Ujerumani Magharibi likaipokea G3. Tatizo lilikuwa kwamba ganda huanza kurudi nyuma shinikizo likiwa bado juu, yaani likiwa bado limeng'ang'ania chemba, na likivutwa hivyo linaweza kuchanika. Wahandisi wakachonga mifereji myembamba kwenye ukuta wa chemba. Gesi hupenya humo kutoka mbele, ikalizunguka ganda kwa nje, na ganda likaelea.

Kwa mpigaji ni msaada mkubwa, maana bunduki haikwami. Kwa joto, kila kitu kinaelekea upande mmoja. Gesi iliyokuwa ikilipasha ganda kwa ndani sasa inalipasha na kwa nje. Ukuta ambao ungelipoza unaligusa kwa eneo dogo zaidi. Kisha ganda linatupwa mapema, kwa kishindo, mita kadhaa pembeni. Ile michirizi myeusi ya masizi kwenye maganda ya G3 ni alama ya mifereji hiyo, na wachunguzi wa maganda huitumia sana, kwa sababu joto hupotea ndani ya dakika chache lakini michirizi hubaki. Shingo ya ganda, iliyo nyembamba, hupata moto kuliko kitako. Ukilazimika kuliokota mapema, shika kitako.

Yote haya ni kwa chemba baridi. Ukipiga mfululizo, chemba hupata moto nayo huacha kupoza chochote. Hapo risasi nzima iliyoachwa ndani inaweza kulipuka yenyewe bila mtu kugusa triga. Kila ganda linalorushwa huwa limetoa nje sehemu ya joto la bunduki, na Wajerumani waliliona hilo walipobuni bunduki ya G11, iliyotumia risasi zisizo na ganda. Risasi za mwanzo zilijiwasha chembani, ikabidi kampuni ya Dynamit Nobel itengeneze baruti inayostahimili joto zaidi.

Kwenye uwanja wa shabaha mimi husisitiza kola iliyofungwa, kofia na miwani, hasa kwa anayesimama kulia kwa mwenye G3. Ganda likiingia shatini mtu hugeuka ghafla na bunduki mkononi, na hatari iko hapo kuliko kwenye kovu. Toa kidole kwenye triga, mdomo wa bunduki ubaki kwenye shabaha, weka usalama, laza bunduki chini, ndipo uchomoe shati.