Nusu duara kukua sio ushahidi wa DNA

Jamani, nimetumiwa tena grafu ya Nyquist, yaani mchoro wa impidansi (ukinzani wa umeme) ya elektrodi ya dhahabu ya kutambua DNA ya kirusi, nusu duara imekuwa kubwa baada ya kudondoshea maji ya jani la muhogo, na chini yake mtu kaandika "batobato imepatikana", yaani ule ugonjwa wa kirusi wa muhogo. Hapana! Nusu duara imekuwa kubwa, basi, hicho tu ndicho tunachokijua mpaka hapo.

Tuanze na lisilo na ugomvi. Hatubandiki rangi wala kimeng'enya kwenye DNA, tunapanga probu (vipande vifupi vya DNA vinavyoendana na ya kirusi) zenye thayoli (ncha ya salfa inayoshika dhahabu) juu ya dhahabu, tunajazia mapengo kwa merkaptoheksanoli, tunaweka ferisianidi na ferosianidi (ioni zinazopokezana elektroni na elektrodi), tunapima impidansi. Ioni hizo zina chaji hasi na fosfeti za DNA nazo hasi, kwahiyo DNA ya kirusi ikishikana na probu ioni zinasukumwa mbali, Rct (ugumu wa elektroni kuvuka kwenye elektrodi, ndio upana wa nusu duara) inapanda. Sawa kabisa.

Sasa elektrodi haitambui kilichoiziba ni nini. Maji ya jani yamejaa protini, na protini ikigandia kwenye dhahabu Rct inapanda vilevile, tena pengine kuliko DNA yenyewe. Kwahiyo umeleta majani ya Newala, lete na jani la mmea usiougua, shamba hilohilo, mbegu hiyohiyo, halafu pima sampuli zote kwenye elektrodi nyingine yenye probu isiyoendana na kirusi. Vyote viwili, sio kimoja. Mnanionyesha bafa tupu (maji ya chumvi yenye pH tulivu) eti ndio kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia, bafa haina protini hata chembe, sasa inathibitisha nini?

Kingine chumvi. Watu wanapunguza chumvi ili ishara ikue, na wana hoja, kwenye 100 mM chaji ya DNA inafunikwa ndani ya nanomita 1 hivi, kwenye 1 mM inafika kama 10. Ila chumvi ikipungua hivyo nyuzi zenyewe zinagoma kushikana, so shikanisha kwenye chumvi nyingi, osha, pima kwenye chumvi kidogo, na kipimo cha kabla nacho kiwe kwenye bafa hiyohiyo. Na joto la huku Mtwara msilisahau, kipimo cha asubuhi ukikilinganisha na cha saa nane mchana chumba hakina kiyoyozi, Rct inashuka kwa joto tu.

Mtaniambia tutumie guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, maana mtafiti Mcheki Paleček alishaonyesha tangu 1960 kwamba DNA yenyewe inaitikia umeme. Ni kweli, kwenye kaboni guanini inaoksidika karibu na volti 1. Lakini probu nayo ina guanini, ndio maana tunaweka inosini (herufi inayokaa mahali pake bila kutoa ishara hiyo) badala yake, na DNA ya muhogo wenyewe imejaa guanini, hivyo kuosha vizuri hakukwepeki.

Linalonisumbua mimi ni kufiti. Kwenye saketi ya Randles (mfano wa saketi tunaoulinganisha na vipimo ili kupata Rct) tunatoa kapasita tunaweka CPE, yaani kapasita isiyo kamilifu, ili mstari ukae vizuri, ila kipeo chake kinatokana na nini hasa, wataalamu bado wanabishana. Isitoshe elektrodi iliyoachwa kwenye bafa bila sampuli yoyote Rct yake inasogea, thayoli bado zinajipanga. Kwahiyo naiacha mpaka vipimo vinavyofuatana vifanane ndio naweka sampuli, na isiyotulia naiweka pembeni hata kama dhahabu ni ghali.