Kabla ya kununua printa ya bahasha, fungua mlango wake wa nyuma

Mtu akiniuliza anunue printa gani ya kuchapia bahasha nyingi, humjibu kwa swali: bahasha zenyewe ni za aina gani, na kwa mwezi zinafika ngapi? Mara nyingi hajui. Anachojua ni kwamba printa aliyoiona dukani inatoa kurasa 40 kwa dakika. Namba hiyo ilipimwa kwa karatasi za A4, na kwa kazi ya bahasha haikusaidii sana.

Ichukue bahasha moja uipapase. Sehemu kubwa ni matabaka mawili ya karatasi, kifuniko kinapolalia yanakuwa matatu, na kwenye kona ambako mikunjo ya gundi inapandana huenda yakafika manne. Katikati kuna hewa. Kitu hicho kikipita kati ya rola mbili zinazobana, hewa inasukumwa nyuma, inakosa pa kutokea, na bahasha inatoka na makunyanzi mkiani. Ndiyo maana mimi, kabla ya kupakia rundo, hulilaza mezani na kulikandamiza kwa kiganja hadi hewa itoke, kisha nazipepeta zisigandamane.

Printa nyingi za mezani huvuta karatasi kutoka trei ya chini, huipindua, na kuitolea juu. Karatasi huvumilia safari hiyo. Bahasha ikipinda hivyo, tabaka la nje na la ndani hayaendi sawa, nayo inakunjamana au inakwama. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokagua ni kama ipo njia iliyonyooka: trei ya mkono inayofunguka mbele, na mlango wa nyuma unaofunguka ili bahasha itoke bila kupinda. Kama mlango huo haupo, na kazi ni ya mamia kwa wiki, hainisumbui printa hiyo inauzwa bei rahisi kiasi gani. Siichukui.

Sasa leza au wino? Hapa ndipo watu huungua, na wengine huunguza kweli. Printa ya leza hugandisha unga wa tona kwa rola za moto ambazo joto lake huweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Moto huo hauchagui. Unayeyusha tona na unalainisha gundi. Niliwahi kuitwa na ofisi moja iliyochapa bahasha usiku kucha ikakuta asubuhi sehemu kubwa ya rundo imejifunga yenyewe, tupu ndani. Bahasha zenye dirisha la plastiki ni balaa zaidi, maana plastiki isiyostahimili joto hujikunja, na ikinata kwenye rola unabadilisha kifaa kizima cha kugandishia tona, nacho si kipuri cha bei ndogo. Bahasha zinazofaa leza zipo, na huwa zimeandikwa hivyo kwenye boksi. Soma boksi.

Baadhi ya printa za leza zina vishikio viwili vidogo nyuma ya mlango huo ninaousifu. Ukivishusha, rola za moto zinalegeza mkandamizo na makunyanzi yanapungua sana. Nimekutana na watu waliokaa na printa miaka bila kujua vipo. (Ukimaliza bahasha uvirudishe, la sivyo maandishi ya karatasi za kawaida yatakwanguka kwa ukucha.) Pia mwambie kompyuta ukweli: kwenye mipangilio chagua aina ya karatasi kuwa bahasha, maana printa hutumia taarifa hiyo kupanga joto na mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Bahasha ya DL, ile inayoingia karatasi ya A4 iliyokunjwa sehemu tatu, ina milimita 110 kwa 220, na kwenye leza huingia kwa upande mfupi. Rola ya moto ina urefu wa kutosha A4, yaani milimita 210 na zaidi. Bahasha inanyonya joto pale inapopita tu, sehemu zilizobaki za rola zinazidi kuchemka. Printa ikilihisi hilo inapunguza mwendo yenyewe. Ndiyo sababu zile kurasa 40 huzioni, na printa haijaharibika.

Printa ya wino haina moto, hivyo gundi na madirisha viko salama. Shida yake ni maji. Bahasha hubebwa, hushikwa na mikono yenye jasho, hunyeshewa. Anwani ikichujuka barua inapotea. Kama unakwenda na wino, tafuta printa inayotumia wino wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji, angalau ule mweusi, na uepuke bahasha zinazong'aa kwa sababu wino huchelewa kukauka juu yake.

Halafu upakiaji. Trei ya mkono kwa kawaida hubeba bahasha kumi hivi. Bahasha 1,000 maana yake ni kuinuka mara mia moja, na mtu wako atakuchukia. Uliza kama printa ina trei ya ziada ya bahasha. Ukifika maelfu kila siku, achana na printa za mezani kabisa. Kuna mashine za kuchapa anwani ambazo kichwa cha wino kimetulia na bahasha ndizo zinazopita chini yake kwenye mkanda, maelfu kwa saa. Na ukiwa chini ya mia kwa mwezi, usinunue kitu. Chapa lebo kwa printa uliyonayo.

Ukishapata mbili tatu za kulinganisha, nenda na bahasha zako mwenyewe, hamsini, uombe zichapwe mbele yako kwa mfululizo. Ya kwanza karibu kila mara hutoka safi. Mimi hutazama ya thelathini na kuendelea, rola zikiwa zimeshika moto.