Springi ngumu haziponyi injini iliyochoka

Hapa Unguja, mwenye Subaru Impreza ya turbo iliyokwishatembea kilomita 200,000 huambiwa: "Tia springi ngumu za valvu, gari itarudi nguvu." Sivyo. Springi haizalishi nguvu. Kazi yake ni kuirudisha valvu, yaani kizibo kinachofungua na kufunga njia ya hewa au moshi kwenye injini, kwenye kiti chake kwa wakati.

Tupige hesabu. Valvu ya kuingizia hewa yenye kipenyo cha milimita 36 ina eneo la sentimita za mraba 10 hivi. Turbo ikisukuma hewa kwa shinikizo la baa 1, valvu iliyofungwa inasukumwa ifunguke kwa uzito wa takriban kilo 10. Springi mpya, ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, inatosha kuizuia. Ugumu ukizidi mno inakwangua kamshafti, yaani shafti inayozifungua valvu, ambayo nayo imeshalika.

Ugonjwa mara nyingi uko kwengine. Springi ikishatolewa, fundi aitikise valvu ubavuni: ikicheza sana, njia yake, yaani kibomba linamopita shina lake, imepanuka, na sili mpya za kuzuia oili hazitadumu. Moshi wa buluu unapowasha gari asubuhi unaashiria hapo hapo, ingawa turbo nayo huvujisha oili, kwa hiyo ikaguliwe mwanzo.

Ukibakiwa na pesa, nunua valvu za Inconel, aloi ya nikeli inayostahimili joto, za upande wa ekzosi, kwenye joto kali zaidi. Titani ni nyepesi, lakini kwa gari ya kila siku ya Mjini na Nungwi mimi siishauri.