Mafungunyota tufe: dhana potofu kuhusu asili yake

Wengi hudhani kwamba mafungunyota tufe (makundi ya nyota nyingi zilizosongamana kama mpira) zaidi ya 150 yanayoizunguka Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, yote yalizaliwa humu humu. Sivyo. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi kibete ya Sagittarius, ambayo galaksi yetu ingali inaimeza, na fungunyota M54 limo katikati yake.

Wengine huamini kwamba uchache wa chuma ndio alama ya ugeni, kumbe hata mafungunyota ya kale ya hapa hapa yana chuma kidogo. Ushahidi wenye uzito zaidi ni uwiano wa elementi kama silikoni na kalsiamu kwa chuma. Silikoni na kalsiamu hutoka kwa wingi katika nyota kubwa, ambazo hulipuka mapema, ilhali sehemu kubwa ya chuma huja baadaye, nyota kibete nyeupe, yaani masalia ya nyota ndogo zilizokwisha kuwaka, zinapolipuka. Kwa kuwa galaksi ndogo huunda nyota polepole, chuma hicho huwahi kuingia katika gesi yake ikiwa bado haina metali nyingi (wanajimu huita hivyo elementi zote nzito kuliko heliamu), na nyota zinazozaliwa baadaye huwa na kalsiamu haba ikilinganishwa na chuma chake. Fungunyota Ruprecht 106 lina dalili hiyo waziwazi, na ndiyo maana huhesabiwa miongoni mwa yaliyotoka nje.

Dhana inayopotosha kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba nyota zote za fungu moja zina kemia ile ile. Karibu kila fungunyota tufe lililochunguzwa kwa makini lina nyota zenye sodiamu nyingi na oksijeni kidogo, pamoja na nyingine zilizo kinyume chake, na chanzo cha hali hiyo bado kinabishaniwa. Alumini na magnesiamu nazo huweza kubadilika humo, hivyo anayezipima katika nyota chache tu anaweza kusoma historia ya ndani ya fungu akidhani ni ya galaksi lilikozaliwa. Katika fungunyota Omega Centauri, linaloonekana Afrika Mashariki kwa macho matupu upande wa kusini, hata chuma hutofautiana sana kati ya nyota na nyota, jambo linalowafanya wataalamu wengi waamini kuwa ni kiini kilichosalia cha galaksi kibete.

Wala kemia haijitoshelezi. Masalia ya Gaia-Enceladus, galaksi iliyomezwa zamani na galaksi yetu, yalitambuliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha kemia na mwendo wa nyota uliopimwa na chombo cha angani cha Gaia. Hata hivyo, mafungunyota NGC 288 na NGC 362, yanayokaribiana kwa kiasi cha chuma, bado yanaleta mabishano: baadhi ya watafiti huyahesabu yote mawili kuwa ya Gaia-Enceladus, na wengine husema NGC 288 ni la hapa hapa.