Je, wajua? Kwa nini kanisa changa hukaa miezi kwenye kitabu kimoja cha Biblia

Kanisa jipya likipandwa Olasiti au Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha, mara nyingi huanzia kwenye darasa la shule au chini ya turubai: viti vya plastiki, spika moja, watu thelathini hivi pamoja na watoto. Mchungaji ana kila sababu ya kuhubiri yanayovuta watu, kama ndoa, kazi, uponyaji na mafanikio. Wapo wasiofanya hivyo. Hufungua Waraka wa Yakobo sura ya kwanza, Jumapili inayofuata wakaendelea walipoishia, hadi kitabu kiishe. Ndiyo yanayoitwa mahubiri ya ufafanuzi. Mtu mwenye viti vitupu anajitakia nini na mzigo huu?

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoota mizizi hata kwa wahubiri wenyewe, kwamba kufafanua ni kusoma mstari, kuueleza, kisha kusoma unaofuata. Mistari yenyewe ni ya juzi tu. Karne ya 4 huko Antiokia, mhubiri Yohana Krisostomo alihubiri Injili ya Mathayo yote, mahubiri 90, bila namba hata moja ya mstari. Mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13 na huhusishwa na Stephen Langton wa Uingereza. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Mhubiri anaweza kwenda mstari kwa mstari saa nzima asifafanue chochote, kwa sababu kila mstari unampa nafasi nyingine ya kusema alilokuja nalo kutoka nyumbani. Kipimo ni kimoja: je, hoja ya kifungu ndiyo hoja ya mahubiri? Kifungu kinaweza kuwa mistari mitatu au sura mbili.

Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana kwenye mikesha ya kufunga mwaka. Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani, kuwapa tumaini siku zao za mwisho. Watu hupokea kwa vigelegele, wakielewa kwamba mambo yatanyooka mwaka unaoanza. Panda mstari mmoja juu, kwenye ule wa 10, ukutane na miaka 70. Ni barua kwa mateka walioko Babeli, wanaoambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto na kuuombea mji waliohamishiwa. Wengi wao wangefia huko. Sura ya 28 inachekesha zaidi, maana kuna nabii Hanania aliyewaahidi watu kwamba mambo yangerudi sawa ndani ya miaka miwili, na Yeremia akamwita mwongo. Mkesha unaotumia mstari wa Yeremia kuahidi mageuzi ndani ya miezi kumi na miwili umesimama upande wa Hanania bila kujua. Huhitaji Kiebrania kuliona hilo. Inatosha kusoma ukurasa mzima.

Lakini hiyo ni faida kwa kanisa lolote. Kwa kanisa changa kuna jambo la ziada, nalo ni udogo wake. Penye watu thelathini, kila mtu anajua nani amegombana na mkewe na nani hajawalipa vibarua waliomvunia maharage. Mchungaji akiamka Jumapili na somo la ujira wa vibarua, watu hawasikilizi somo, wanageuza shingo kumtazama mlengwa. Kijembe kimetoka madhabahuni. Wiki mbili baadaye familia nzima imehama.

Fikiria mfongo, ule mfereji wa Wachaga unaoshusha maji kwenye migomba ya Kilimanjaro. Kila kaya ina zamu yake. Maji yakiingia kihambani kwako siku ya zamu yako, hakuna anayeuliza nani kayaelekeza huko au kwa nia gani. Kitabu kinachohubiriwa kwa mfululizo hufanya kazi vivyo hivyo. Yakobo 5:4 inasema wazi juu ya ujira uliozuiliwa, na ikifika Jumapili yake imefika. Aliyekuwapo tangu sura ya kwanza aliiona inakuja. Mwenye deni anaweza kuchomwa, ila hawezi kusema ametegewa. Zamu humbana mchungaji pia: Yakobo 2 inakataza kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na hapo hawezi kuruka eti kwa sababu mshirika aliyelipia turubai ameketi mbele.

Historia ina mfano mtamu. John Calvin, mmoja wa viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, alifukuzwa Geneva, Uswisi, mwaka 1538. Aliporudishwa mwaka 1541 watu walitega masikio wasikie atakavyowasema waliomfukuza. Akaeleza kwa ufupi juu ya utumishi wake, kisha akaendelea na Maandiko pale alipokuwa ameishia.

Hata hivyo, wanaosema hii ndiyo njia pekee ya mitume wanazidisha. Petro siku ya Pentekoste alichanganya Yoeli na Zaburi; Paulo pale Athene alinukuu washairi wa kipagani. Wala si kweli kwamba makanisa ya zamani yanamwachia mhubiri achague atakalo. Walutheri, ambao wamisionari wao wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wana kalenda inayopanga masomo ya kila Jumapili, na kalenda hiyo nayo humkinga mchungaji na tuhuma za vijembe. Inachokosa ni mtiririko, kwa kuwa wiki hii unaweza kusoma Luka, wiki ijayo Yohana. Zwingli, kiongozi mwingine wa Matengenezo ya Kanisa, aliiacha kalenda ya namna hiyo Zurich, Uswisi, tarehe 1 Januari 1519, akiwa mgeni kabisa pale, akaanza Mathayo tangu mwanzo.

Shida kubwa ya utaratibu huu ni mgeni anayeingia sura ya tatu. Ndiyo maana wengi huanza na Yakobo au Wafilipi kabla ya kuthubutu Marko yenye sura 16, na dakika za kwanza za kila mahubiri huenda kwenye muhtasari. Desemba kitabu husimama tu, maana nusu ya washirika wa Arusha wamepanda mabasi kwenda Rombo, Machame na Marangu kwa Krismasi.