Nafaka zililiwa kabla ya jembe

Kazi yangu ni kuchunguza mabaki ya mimea katika makazi ya kale, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: si kweli kwamba wahenga walikula nyama na matunda tu, nafaka zikaja juzi na maradhi yake? Hapana, na ushahidi tunao.

Upotofu huu una chanzo chake. Mfupa hudumu ardhini maelfu ya miaka. Kiazi, jani na mbegu huoza upesi, isipokuwa vimeungua vikawa makaa au vimezama pasipo na hewa. Anayehesabu mifupa peke yake ataona wawindaji watupu. Sisi hutafuta kwingine: kwenye ukoga uliogandamana jinoni, na kwenye vinyweleo vya mawe ya kusagia. Humo chembe za wanga hunusurika. Ukizitazama kwa darubini ya mwanga uliochujwa, chembe mbichi huonyesha msalaba mweusi katikati. Ikipikwa kwa maji huvimba, na msalaba ule hufifia hadi kutoweka. Hivyo ndivyo watafiti walivyobaini, mwaka 2011, kwamba Waneanderthali, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, wa pango la Shanidar, Iraki, walikula mbegu za nyasi za jamii ya shayiri, na baadhi zilikuwa zimepikwa.

Katika makazi ya kale ya Ohalo II, kando ya Bahari ya Galilaya, watu walisaga shayiri mwitu miaka 23,000 iliyopita. Huko Shubayqa 1, Jordani, yamepatikana makombo ya mkate ya zaidi ya miaka 14,000, yaani kama miaka 4,000 kabla ya kilimo kuanza. Waliooka mkate huo walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini.

Sisemi kwamba nafaka zilikuwa chakula kikuu kila mahali. Wakazi wa Aktiki waliishi kwa samaki, nyama na mafuta kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana. Lishe moja ya kale haijawahi kuwepo.

Dai la pili ni kwamba ngano ya leo imeharibiwa maabara. Ngano ya mkate, yenye kromosomu 42, ilizaliwa maelfu ya miaka iliyopita, ngano ya kale ilipochavushana na nyasi pori mashambani. Ngano fupi ya Norman Borlaug, mtaalamu wa kilimo wa Marekani, nayo ilitokana na uzalishaji wa kawaida wa mbegu: alitumia aina ya Kijapani, Norin 10. Na maradhi ya seliaki, ambayo utumbo hudhurika kwa gluteni, protini ya ngano, si mapya. Tabibu Mgiriki Aretaeo alieleza dalili zinazofanana nayo karne nyingi kabla ya mbegu hizo.

Lipo lalamiko moja ninaloliunga mkono. Kituo cha Rothamsted, Uingereza, kimehifadhi sampuli za ngano tangu miaka ya 1840. Zilipopimwa, zinki na chuma vilionekana kupungua tangu katikati ya miaka ya 1960, aina fupi zilipoingia. Lakini kinu cha roli, kilichoenea mwishoni mwa karne ya 19, kinaondoa zaidi: pumba na kiini (sehemu ya mbegu inayochipua) vyote vinabaki nje ya unga mweupe.

Linaloniumiza ni kuona ainkoni na spelti zikisifiwa kwa wagonjwa wa seliaki kwa sababu tu ni ngano za kale. Zote mbili zina gluteni. Mgonjwa wa seliaki hapaswi kuzila kabisa, hata kidogo.